Kiti Kimoja Tu

Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo. Tulikubaliana tuanze saa nane, na sasa yapata saa tisa kasorobo. Mwenyekiti aliponipigia nilimwambia niko Mamboleo, mtaa wa hapa Kisumu. Nilikuwa Mamboleo kweli, ila sikumwambia kwamba nimeketi hotelini nasubiri chai. Mnacheka, lakini hilo ndilo lililonileta: mtu anaweza kusema maneno ya kweli matupu na bado akadanganya.

Nendeni steji ya magari ya Kakamega asubuhi. Matatu ya abiria 14, injini inanguruma, dereva anasogea mbele kidogo, anarudi nyuma kidogo. Kondakta anapiga bodi: "Kiti kimoja! Kiti kimoja!" Unachungulia, na kweli kimebaki kimoja. Unaingia, unalipa, unapakata mfuko wako. Kisha kijana aliye kando yako anakumbuka kitu nje. Mwingine anashuka kununua njugu. Wa dirishani anafuata. Baada ya dakika kumi umebaki wewe na mama mmoja mwenye kuku, na kuku ndiye abiria wa tatu. Wale vijana walilipwa wakae. Sasa mshtaki kondakta. Alisema uongo gani? Kiti kilikuwa kimoja.

Mwanafalsafa Mwingereza, Paul Grice, aligusia jambo hili katika mihadhara aliyotoa Harvard mwaka 1967. Sehemu yake iliyojulikana zaidi ilichapishwa 1975. Alisema tunapozungumza huwa tunachukulia kwamba mwenzetu anashirikiana nasi: anasema analoliamini, anatoa habari ya kutosha, hatoki nje ya mada. Ndiyo maana msikilizaji hubeba zaidi ya maneno aliyoambiwa. Kondakta anaijua hesabu hiyo bila kufungua kitabu. Hakukwambia kwamba gari linaondoka sasa hivi. Hilo ulijiambia mwenyewe.

Sokoni ni yale yale. Unamuuliza muuza samaki, "Huyu ngege ni wa ziwani?" Unajibiwa, "Nimemchukua hapa hapa Kisumu, leo asubuhi." Kweli kamchukua, katika katoni ya barafu iliyotoka China. Mimi siku hizi siulizi, nafunua shavu naangalia wekundu.

Kuna upande mwingine ambao hunisumbua zaidi. Baba yetu alipofariki, kaka yangu alinipigia simu Nairobi saa tatu usiku. Akasema, "Mzee hajisikii vizuri. Panda gari usiku huu, uje." Ukiyapima maneno yale, ni uongo, mzee alikuwa amekata roho tangu alasiri. Lakini mnajua watu wa huku tunavyoisikia simu ya namna hiyo. Sauti ilikuwa ya upole kupita kiasi. Na kaka, ambaye hata deni la shilingi hamsini hukukumbusha, alinitumia nauli kabla sijaomba. Meseji ya M-Pesa ilipoingia nikakaa kitandani. Nilijua. Nilipita Nakuru nikilia kimyakimya kando ya mtu nisiyemfahamu, na nilipofika bomani hakuna aliyenieleza kitu, wala sikuuliza.

Kaka alinidanganya? Nimeliwaza hili miaka mingi, na sioni kwamba alinidanganya. Alinipa habari yote, kwa kipimo cha mtu ambaye atakesha garini peke yake. Yule kondakta, kwa maneno yake ya kweli, alinipa kidogo kuliko hapo.

Ningeishia hapa ningetoka nimependeza. Lakini tuna dada mdogo aliyekulia kwa shangazi Mombasa, hajazoea simu zetu. Kaka alimwambia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, naye akayapokea kama yalivyo. Akaja na machungwa, na maziwa, na sweta mpya ya mgonjwa. Alipoliona turubai limesimamishwa uani alisimama pale langoni na kikapu chake, akaniuliza mimi, si kaka: "Wewe ulijua?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza nilijuaje, na hadi leo sijapata namna ya kumweleza ikaeleweka. Hajatusamehe vizuri, na sioni kosa lake.

Karibuni maswali. Mwenyekiti aanze, maana ndiye niliyemchelewesha.