Kiharusi na upande wa kushoto unaopotea

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja na baridi hii ya Mbeya.

Ndugu wa wagonjwa huja kwangu na malalamiko yanayofanana. "Baba karudi kutoka hospitali, anaongea vizuri, lakini ana visa. Anakula ndizi za upande wa kulia wa sahani, za kushoto anaziacha, halafu anasema hajashiba. Ukimsalimia ukiwa kushoto kwake, kimya." Wengine wanasema mzee kasusa. Wengine wanampeleka akapimwe macho.

Hajasusa, na macho mara nyingi ni mazima. Kiharusi kimepiga upande wa kulia wa ubongo. Upande huo ndio unaotuwezesha kuwa makini na kulia na kushoto pia. Ule mwingine hushughulika zaidi na kulia tu. Ukiumia wa kulia, kushoto kunabaki kama lindo lisilo na mlinzi.

Mwaka 1978, watafiti Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti wa Milan, Italia, waliwaambia wagonjwa wa namna hii wajione kimawazo wamesimama uwanjani, wakilitazama kanisa kuu la mji wao, wataje majengo. Walitaja ya kulia. Wakaambiwa wajione upande wa pili, kanisa likiwa mgongoni: wakataja yale waliyoyaacha, na kuyaruka waliyoyataja punde tu! Tulete hapa kwetu. Simama barabara kuu ukitazama Mlima Loleza: Uyole iko kulia, Mbalizi kushoto. Mgonjwa wa namna hii angekutajia ya Uyole, hata kama kazaliwa Mbalizi.

Sasa mtazame nyumbani. Ananyoa ndevu shavu moja. Mkono wa kushoto wa shati unaning'inia. Kiti cha magurudumu kinagonga mlango upande uleule kila siku. Barabarani ni hatari zaidi: magari ya kwetu yanakuja kwanza kutoka kulia, anayaona, anaanza kuvuka, akifika katikati, yale ya kushoto hayamo kabisa akilini mwake. Naye mara nyingi hajui kwamba kuna kinachokosekana, kwa hiyo mguu ukipata nguvu anainuka peke yake, anaanguka.

Kaeni kushoto kwake mnapozungumza naye. Bandikeni utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa meza, mwambieni asianze kula mpaka aone utepe. Wapo wanaotaka kila kitu kiwekwe kushoto ili azoee. Mimi sikubali: simu, maji na kengele ya kuita watu vikae kulia, anakoviona.

Mama pale nyuma ameuliza kama mwanawe aliyepata kiharusi anaweza kurudi kuendesha bajaji. Wengi hupata nafuu miezi ya mwanzo, lakini kwa sasa asiendeshe. Mezani kwangu, penye utulivu, mtu anaweza kuikata kwa kalamu mistari yote iliyochorwa kwenye karatasi ya kipimo, ya kulia na ya kushoto. Akiingia soko la Mwanjelwa penye kelele, bodaboda ya kushoto haioni. Kwa hiyo kabla hajagusa usukani, nitataka nimwone akipita sokoni kwa miguu, mtu wake akiwa ubavuni, upande wa kushoto.