Meli ikifunga gati: ushuke, au ubaki?

AIKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Tuko hapa Moshi, mlima ulijifunua asubuhi watu wakapiga picha, sasa hivi umeshajifunika. Mimi ni Aika.

ELIBARIKI: Na mimi Elibariki, dereva wa watalii niliyepumzishwa na mvua za masika.

AIKA: Leo tuna ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Kibosho, mwalimu mstaafu. Shikamoo mama. Kijana wake yuko Uingereza, kamlipia yeye na mdogo wake safari ya meli ya kitalii, bahari ya Mediterania, mwezi wa sita. Wanapandia Barcelona, wanapita Livorno, Roma, Napoli, Santorini, Kuşadası ya Uturuki, wanashukia Piraeus, bandari ya Athens, Ugiriki. Anauliza: kila meli inaposimama ni lazima washuke? Na Roma anataka afike basilika ya Mtakatifu Petro. Goti moja linamsumbua.

ELIBARIKI: Shikamoo mama. Kushuka si lazima, hakuna anayekufukuza chumbani. Ila kwanza achukue ile ratiba, aangalie jina lililoandikwa kwenye mabano, kwa herufi ndogo. Meli haifiki Roma. Inafunga Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka Roma. Ni sawa na kumshusha mtu stendi ya Moshi ukamwambia, karibu Arusha.

AIKA: Eeh! Na hiyo barabara tunaijua.

ELIBARIKI: Wanaandika jina linalouza. Ukiona Florence, ni Livorno, kilomita kama 90. Paris ni Le Havre, karibu 200. Na Venice ndiyo kabisa: tangu Agosti 2021 meli kubwa zimekatazwa kupita pale mbele ya mji, kwa hiyo nyingine zinafunga Ravenna, unapanda basi kwa masaa kama mawili hivi. Mtu amelipia Venice, anaiona kupitia kioo cha basi.

AIKA: Turudi kwa mama. Tuseme meli inafika saa moja asubuhi na kuondoka saa moja jioni. Ana siku nzima.

ELIBARIKI: Ana masaa 12 ya kwenye karatasi. Hebu tuyakate. Abiria elfu tatu hawashuki kwa mkupuo, toa saa moja. Ukishuka kuna basi la kukutoa nje ya bandari, halafu uende stesheni, usubiri, na treni ya kawaida inachukua saa moja na kitu. Kwenda na kurudi, toa manne. Mwisho wa kupanda melini siyo ile saa ya kuondoka; mara nyingi ni nusu saa kabla, nyingine wanataka saa nzima. Na wewe mwenyewe usipange kufika dakika ya mwisho, jiwekee saa moja na nusu ya dharura. Umebaki na matano.

AIKA: Matano si haba. Basilika, Colosseum ule uwanja wa kale, ile chemchemi ya Trevi...

ELIBARIKI: Hapo ndipo siku inapoharibika. Sisi madereva tunawajua hawa. Mgeni anatua KIA asubuhi, anataka kreta ya Ngorongoro, maporomoko ya Materuni, na jioni awe kitandani Moshi. Unampeleka, lakini anachoona ni lami.

AIKA: Mimi bado ningejaribu Colosseum.

ELIBARIKI: Jaribu, una magoti mawili mazima. Ila tiketi za kule ni za jina na saa, ukichelewa na treni yako ndiyo basi tena. Mama aende kwa Mtakatifu Petro tu, na aende vizuri. Akienda kwa treni, ashukie Roma San Pietro, asiende mpaka Termini, stesheni kuu. Pale akitoka, kuba analiona, anatembea taratibu dakika kama 15 au 20. Kuingia basilika ni bure, kuna foleni ya ukaguzi uwanjani, jua linapiga, abebe maji na mwavuli.

AIKA: Na mabega yafunikwe, na magoti. Kanga moja kwenye mkoba inatosha. Hilo kwa mama wa Kibosho sidhani kama ni tatizo. Lakini aangalie siku. Ikiwa Jumatano, asubuhi Papa hukutana na mahujaji, uwanja unajaa, huwezi kuingia basilika kirahisi mpaka wamalize. Ikiwa Jumapili, makumbusho ya Vatikani yamefungwa, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, lakini saa sita mchana Papa akiwepo anatokea dirishani kwa sala ya Malaika wa Bwana. Kwa mtu kama yeye, mimi ningebadilisha makumbusho kwa hiyo sala mara moja.

ELIBARIKI: Sasa swali la hela. Meli yenyewe inauza ziara, basi linakuchukua chini ya ngazi na kukurudisha hapohapo. Bei yake inauma ukilinganisha na treni. Lakini basi lao likikwama njiani, meli inakusubiri. Ukienda mwenyewe ukachelewa, nahodha anaondoka, na nauli ya kuifuata bandari inayofuata ni yako.

AIKA: Kwa hiyo unasema alipie ziara kila mahali?

ELIBARIKI: Hapana, hapo ndipo watu wanapopigwa. Alipie palipo mbali, basi. Roma, ndiyo. Na Efeso, nitakuja huko. Napoli alipe wa nini? Meli inafunga mjini kabisa, ukitoka getini ngome ya Maschio Angioino iko mbele yako. Ni kama... hapana, Zanzibar ni mfano mzuri: meli ikifunga Malindi, ukipiga hatua tu uko Mji Mkongwe. Na bado utakuta wageni wameshaingia kwenye gari wanakimbizwa Nungwi, mwisho wa kisiwa.

AIKA: Napoli kuna Pompeii lakini. Mji uliofukiwa na Vesuvius mwaka 79! Treni inatoka stesheni ya Garibaldi, dakika kama 40 uko getini.

ELIBARIKI: Na treni hiyo inajaa, pochi iwe mbele. Umeshaona zile barabara za Pompeii? Mawe makubwa yaliyochimbika kwa magurudumu ya mikokoteni, na kivuli hamna. Goti hilo Aika!

AIKA: Basi mdogo wake aende, yeye abaki Napoli, aone kanisa kuu la San Gennaro, ale pizza. Hilo tumekubaliana. Livorno je?

ELIBARIKI: Livorno ni siku moja kabla ya Roma. Abaki melini. Meli ikiwa tupu bwawa ni lako, viti vyako, chakula hakina foleni. Akijisikia mwepesi, Pisa ni karibu kuliko Florence, aone mnara ulioinama arudi.

AIKA: Santorini?

ELIBARIKI: Pale hakuna gati, meli inaelea katikati, mnashushwa na boti ndogo. Mji wa Fira uko juu ya mwamba. Kuna ngazi 588, kuna punda wa kupanda, na kuna vigari vya kamba. Mama apande vigari, na aanze kushuka mapema, kwa sababu mchana meli zote zinataka kurudi kwa njia hiyohiyo moja. Pale ni mandhari tu; apate meza yenye kivuli, asihangaike.

AIKA: Na saa. Italia wako nyuma yetu kwa saa moja mwezi wa sita, Ugiriki na Uturuki ni sawa na sisi. Simu itajibadilisha yenyewe, lakini saa inayohesabika ni ya meli. Avae ya mkononi, aiweke sawa na ile ya melini kila asubuhi kabla ya kushuka.

ELIBARIKI: Sasa Kuşadası. Hapa mama ndiyo asibaki melini. Efeso iko kilomita kama 20, Efeso ya barua kwa Waefeso hiyohiyo. Waombe waingilie geti la juu, watokee la chini, njia yote inateremka. Na juu ya kilima jirani kuna nyumba ndogo ya mawe inayoheshimiwa kama nyumba ya Bikira Maria. Papa Paulo wa Sita alifika 1967, Yohane Paulo wa Pili 1979, Benedikto 2006.

AIKA: Mbona hiyo hawaiandiki kwa herufi kubwa! Ila hapo kuna visa. Akitoka Italia na Ugiriki kwenda Uturuki, ametoka Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, halafu anaingia tena Piraeus.

ELIBARIKI: Ndiyo maana visa yake ya Schengen isiwe ya kuingia mara moja, iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Na ya Uturuki aulize kampuni ya meli, kwa maandishi, akitaja pasipoti ya Tanzania. Asichukue jibu wanalopewa Waingereza. Kijana aanze na hilo wiki hii, ziara zitafuata.

AIKA: Umesikia mama. Ujumbe unaofuata ni wa kijana wa Majengo, anataka kujua kama anaweza kupata kazi kwenye hizo meli. Tunapumzika kidogo, tunarudi naye.