Mtoto wako anakula saa ngapi?

Mazungumzo na wazazi katika darasa la shule moja, Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo

Wamama, wapapa, asanteni kwa kupanda. Nawaona waliotoka bondeni bado wanahema, na mtoto mgongoni juu yake. Watoto wakilia tuwaache walie, habari yenyewe ni yao.

Mimi si daktari. Ni mwalimu, nafundisha zamu ya mchana, na nina binti anayekaribia miaka miwili. Mama yake anauza vitenge sokoni Nyamugo na anatoka mapema, kwa hiyo asubuhi mtoto ni wangu. Kuna wapapa hapa wananitazama kwa huruma. (Kicheko.) Tutaonana mkijaribu.

Mwaka jana kilo za binti yangu ziligoma. Tulimpeleka kupimwa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mstari kwenye karatasi yake umelala tu. Nikaanza kujitetea kabla sijaulizwa: nyumbani bugali ipo, maharagwe yapo, sombe, majani ya muhogo, haikosi. Muuguzi akaniacha nimalize, kisha akasema, "Papa, saa ngapi?" Sikuelewa. "Mtoto anakula saa ngapi?"

Hapo ndipo nikahesabu. Asubuhi, chai na andazi. Mchana, kiporo kama kimebaki. Jioni mama anarudi saa kumi na mbili, mbabula, jiko letu la mkaa, inawashwa, na mnajua maharagwe yetu: saa mbili, saa tatu motoni. Bugali inaiva saa tatu usiku, mtoto amelala kitambo. Tunamwamsha. Anameza tonge mbili macho yamefumba, anaanguka tena kwenye mto. Sisi kwa hesabu yetu, amekula!

Makala, yaani mkaa, ni ghali, na hakuna anayewasha mbabula mara nne kwa siku. Mtu mzima anavumilia, anashiba mara moja na kuvuka mpaka kesho. Tumbo la mtoto wa umri huu ni dogo sana. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema kati ya mwaka mmoja na miwili mtoto apate chakula mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, juu ya titi la mama, ambalo linaendelea mpaka miaka miwili na kupita. Tena bugali ya muhogo inajaza tumbo haraka lakini haina protini ya maana. Mtoto anashiba, na bado ana njaa ndani.

Wazee wetu wa Kivu walikuwa na jina la mwisho wa njia hiyo: bwaki. Vitabu vinaiita kwashiorkor, neno ambalo Cicely Williams, daktari aliyezaliwa Jamaika, alilichukua kwa Waga wa Ghana na kuliandika mwaka 1935. Kwao ni ugonjwa unaomkamata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Mama mmoja pale mbele ameshatikisa kichwa, anaijua. Titi limehamia kwa mdogo, na huyu wa kwanza amekabidhiwa sahani ya wakubwa, ashindane na yaya zake, kaka na dada wakubwa wenye mikono mirefu.

Hatari ya bwaki ni kwamba inadanganya. Miguu inavimba, mashavu yanajaa, jirani anasema mtoto amenona. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa mguu, si chini kwenye unyayo, miguu yote miwili, uhesabu mpaka tatu. Shimo likibaki, usingoje Jumatatu. Nywele kuwa nyekundu, mtoto kukataa kucheza, hizo pia ni dalili. Kuna ile kamba ya rangi wanayofunga mkononi kupima unene wake: chini ya milimita 115 ni nyekundu, hatari; kutoka 115 mpaka 125 ni njano, tahadhari. Lakini mtoto aliyevimba anaweza kuonyesha kijani, kwa hiyo msiitazame kamba mkasahau miguu.

Sasa, tulifanya nini nyumbani? Tulianza na vinavyoliwa bila moto. Avoka: huku kwetu msimu wake ukifika zinaoza sokoni, na mtoto anakula nusu kwa kijiko huku mbabula ni baridi kabisa. Ndizi mbivu pia. Usiku, kabla majivu hayajazima, tunafukia kiazi kitamu, asubuhi kipo tayari. Karanga tunasaga, maana nzima inaweza kumkaba mtoto mdogo. Uji wa sosoma, yaani soya, mtama na mahindi, napika alfajiri nikichemsha maji ya kuoga, na unaingia kwenye termosi ukiwa unachemka. Uji wa vuguvugu uliokaa mchana kutwa kwenye sufuria ni kumtafutia mtoto kuhara. Na soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Mbichi inalisumbua tumbo.

Halafu kuna sambaza, wale samaki wadogo. Samaki huyu hakuwa wa ziwa letu la Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani angekubali kwamba ni mgeni? Analiwa mzima na mifupa yake. Tunanunua waliokaushwa, tunachambua mchanga, tunakaanga bila mafuta, tunatwanga. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji, basi. Ila nunueni mapema: mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawapati kitu, na bei inapanda.

Mama mkwe wangu hakufurahi. Kwake, mtoto anayekula mara tano anafundishwa uroho. Sikubishana naye, nilimwonyesha karatasi ya kilo mwezi wa tatu, mstari umeinuka. Akanyamaza. Siku hizi ndiye anayeponda avoka.

Jambo moja zaidi, ingawa si la chakula. Usiku wa baridi msiingize mbabula chumbani mtoto apate joto. Hewa ya makala haina harufu ya kukuamsha, inaua familia nzima usingizini. Mfunikeni mtoto kikwembe cha pili.

Chai nimeiacha mwisho kwa sababu najua mtanipiga. Majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga, na mtoto wa umri huu anayahitaji kwa damu yake. Binti yangu sasa anakunywa maji yaliyochemshwa, na asubuhi bado ananyoosha mkono kwenye kikombe changu, nami nakinywa nimegeukia ukuta. (Kicheko.) Haya, mama wa kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja chai. Karibu, mama, tunakusikia.