Msamba kuchanika uzao wa kwanza: niliyoongea na wajawazito kliniki

Haya jamani, sogeeni mbele huku, na nyie kina baba wawili mliojibanza mlangoni ingieni, mada inawahusu. Leo tunaongelea msamba. Chekeni tu lakini ndo hiyo nyama iliyopo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa, na kwa mtoto wa kwanza ndo inayokiona cha moto.

Niwaambie ukweli mapema msije mkanilaumu, uzao wa kwanza wengi wanachanika. Wenzetu Uingereza wamehesabu, ni mpaka 9 kati ya 10. Ila sehemu kubwa ni ngozi au misuli ya juu, daraja la 1 na la 2, unapigwa ganzi unashonwa hapohapo leba na nyuzi zinayeyuka zenyewe. Tunaouogopa ni wa daraja la 3 na la 4, unaofika kwenye msuli unaobana haja kubwa, na huo kwa wa mara ya kwanza ni kama 6 kati ya 100, wakati aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida hawafiki 2.

Kwa nini nyie? Nimekuja na mdoli na sweta ya kichanga, mpya, shingo yake haijawahi kupitisha kichwa. Angalieni. Nikimuinamisha kidevu kifuani, anapita, inabana bana lakini anapita. Sasa nikimnyanyua kidevu... mmeisikia hiyo? Uzi umekatika. Na tumboni ni hivyohivyo, mtoto aliyeinama vizuri anapitisha kichwa cha kama sentimita 9.5, yule aliyelala mgongo kwa mgongo na mama yake anayetoka anaangalia juu anakuja na 11 na ushee, na njia ni ileile.

Ongeza na uzito, kilo 4 kwenda juu hatari inapanda, ndo maana tukikwambia kapime sukari usikwepe kwa sababu sukari ya mimba inanenepesha watoto. Mabega kukwama nayo imo, kusukuma muda mrefu sana, mtoto kuvutwa kwa vakyumu, kile kikombe kinachonyonya kichwani, na kwa koleo, zile chuma mbili zinazokamata kichwa, ndo zaidi. Na aliyekeketwa aniambie mapema, pembeni, mimi na yeye tu, maana kovu halivutiki kama ngozi.

Mmeona kwenye hayo yote hakuna uzembe wa mama? Mimi mtoto wangu wa kwanza nilichanika, nesi aliyekuwa ananishona akaniambia "si umesukuma hovyo", nikakaa na hilo neno miaka, mpaka nimesomea ukunga ndo nikajua mtoto alikuwa kilo 4.2 na nilikuwa nimelazwa chali muda wote nasukumishwa bila kupumzika. Kosa langu liko wapi hapo?

Sasa cha kufanya. Kichwa kikianza kuonekana na kubaki pale pale unahisi moto unawaka, hapo mkunga akisema acha kusukuma, acha kweli, hema hema kwa mdomo, kitoke taratibu kati ya uchungu na uchungu. Hizo dakika chache ndo zinaokoa msamba. Omba uwekewe kitambaa cha maji ya uvuguvugu pale chini, kimeonekana kinapunguza michaniko mikubwa. Na kama unaweza kulala ubavu, sema.

Kuongezwa njia, yaani kukatwa msamba makusudi ili mtoto apite? Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilisema wazi isiwe desturi ya kila mama. Kuna wakati inabidi, mtoto amechoka anatakiwa atoke sasa hivi, na hapo panakatwa kwa kushoto au kulia, sio moja kwa moja kuelekea nyuma. Lakini kukatwa eti kwa sababu ni uzao wa kwanza, hapana, hilo nalo ni jeraha.

Umeuliza mama, eti mlenda unalainisha njia. Kula, una faida zake, ila unaenda tumboni kwenye chakula, hauendi kulainisha kule. Zile dawa za kienyeji za kuongeza uchungu ndo sitaki hata kuzisikia, mtoto anatoka kwa kasi na msamba haujapata muda wa kuvutika, na kizazi chenyewe kinaweza kupasuka.

Na baada ya kuzaa, ukiona upepo unakutoka bila kujua au haja inavuja, usikae nayo ndani ukiona aibu. Rudi, kuna mchaniko uliopitwa unatengenezeka.

La mwisho, kuchua msamba. Kuanzia wiki ya 34 au 35, mara moja au mbili kwa wiki, vidole visafi, kucha zimekatwa, unavuta taratibu kuelekea chini na pembeni. Mafuta gani? Ya nazi masafi yanatosha. Baba unacheka, ila tumbo likishakuwa hivi mwenyewe hafiki huko, kwa hiyo hizo kucha tunazozungumzia ni za kwako.