Dhahabu Nyekundu, Dhahabu ya Buluu

Mliokaa mbele, hebu tazameni chupa hii. Maji yake ni mekundu kama yakuti, na kilichoyatia rangi ni dhahabu. Msicheke. Dhahabu ikiwa katika chembe za upana wa nanomita 13 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), umanjano wake hutoweka. Michael Faraday alishayachunguza maji ya namna hii katika miaka ya 1850. Chembe zikisogeleana sana, wekundu hugeuka zambarau, kisha buluu. Kazi yetu ni kuzifanya zisogeleane pale tu jeni tunayoitafuta ipo.

Mwaka 1996, Chad Mirkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha jinsi ya kuzivisha chembe hizo nyuzi fupi za DNA. Kundi moja la chembe linashika mwanzo wa kipande cha jeni, kundi la pili mwisho wake. Kipande kikiwemo, kinaziunga, na rangi inabadilika.

Sasa shika hapa, maana ndipo penye utamu. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hutokana na herufi moja tu ya DNA katika jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini ya damu: GAG imekuwa GTG. Uzi uliotengenezwa kushika GAG utaishika na GTG, kwa kuwa herufi nyingine zote zinalingana. Kukiwa na ubaridi, chupa yenye GAG na yenye GTG zote zitakuwa buluu, nawe umedanganyika! Kwa hiyo tunapasha moto polepole. Penye herufi isiyolingana huachia mapema, wekundu ukarudi. Panapolingana pote hung'ang'ania nyuzijoto kadhaa zaidi. Nyuzi za DNA zisizo na chembe huachana kidogo kidogo, lakini chembe hizi, kwa kuwa zimeshikana kwa nyuzi nyingi, huachana karibu kwa mkupuo. Kwangu mimi, mkupuo huo una thamani kuliko hiyo rangi inayosifiwa.

Najua mtaniuliza: kwa nini tusidondoshe tone la damu humu, tukamaliza? Kwa sababu DNA lazima kwanza itolewe kwenye seli, na mara nyingi izidishwe kwa PCR, yaani njia ya maabara ya kunakili DNA tena na tena, ndipo itoshe kuonekana. Urahisi tunaousifu ni wa macho. Mikono bado ina kazi.

Halafu kuna chumvi. Ikizidi, chembe zisizovikwa vizuri hugandana zenyewe bila jeni yoyote. Ndiyo maana nimeleta chupa ya pili, isiyo na DNA ya mgonjwa. Hiyo ikigeuka buluu, majibu yote ya leo tunayamwaga.