Jinsi ya Kumtafuta Chura wa Matete Usiku: Tuko Amani, Usambara Mashariki

Haya wapendwa, habari za jioni. Tuko Amani, Muheza, mvua imekatika sasa hivi na majani bado yanadondosha maji. Usiku wa namna hii ndio wenyewe. Leo nawaonyesha jinsi ya kumtafuta chura wa matete, kumtambua na kumpiga picha, kisha tumwache palepale tulipomkuta.

Vifaa sitakaa navyo sana. Tochi ya kichwa, tochi ndogo ya mkononi, gambuti, simu. Kiingilio cha hifadhi kilipwe mchana na uwe na mwongozaji. Ila mikononi usipake dawa ya mbu. Chura hunywa maji kwa ngozi, kwa hiyo ulichopaka wewe kinaingia mwilini mwake. Vaa shati la mikono mirefu, mbu utawavumilia.

Tukifika bwawani, tunazima taa. Zote. Na wewe uliye nyuma, simu hiyo.

Sikilizeni... Huo mgongano mkavu, tak-tak-tak-tak, ni chura aitwaye Afrixalus fornasini. Mkumbukeni huyo, ana kesi, tutamrudia. Zile sauti nyembamba kutoka majani ya ng'ambo ni madume ya Hyperolius, vyura wa matete wenyewe. Wako Afrika kusini mwa Sahara, spishi zaidi ya 130, wengi hawafiki hata sentimeta 4. Dume hujaza hewa kifuko cha kooni na kuita jike mpaka usiku wa manane.

Lakini masikio peke yake yatakunyima mmoja, na ndiye ninayempenda kuliko wote: Hyperolius burgessi. Dume lake lina vijiba vidogo kooni, na halisikiki likiita. Zamani alihesabiwa pamoja na Hyperolius spinigularis wa Malawi. Mwaka 2015 wanasayansi wakamtenga kuwa spishi yake. Ndugu yake wa milima ya Ukaguru, Hyperolius ukaguruensis, alitangazwa mwaka 2023, naye ni bubu vilevile. Wa Usambara Magharibi, Hyperolius tanneri, hajulikani kwingine kokote duniani. Wengine wana mlima mmoja tu! Ukifyeka msitu wa mlima huo, huna pa kwenda kumwazima mwingine.

Basi huyu tunamtafuta kwa macho. Tochi iweke usawa wa jicho lako, pitisha mwanga polepole juu ya majani, kisha chini ya majani. Watu wengi wanasahau chini. Pole... pole... Huyo! Kwenye jani pana, kushoto.

Ngoja. Ngoja, lenzi imeingia ukungu. Baridi ya Amani hii. Nafuta... hapana, bado. Basi mwangalieni kwa macho yenu kwanza, picha itafuata.

Sasa utambuzi. Usianze na rangi. Katika spishi nyingi za hawa, chura mdogo aliyetoka majini juzi ana sura moja, na jike akikomaa anavaa rangi nyingine kabisa. Rangi itakupoteza. Anza na mboni ya jicho. Imelala? Hyperolius. Imesimama wima? Afrixalus. Hapo nimekupa nusu ya kazi yote. Lenzi imekubali... oneni mboni hiyo, imelala vizuri kabisa.

Hapa sasa punguzeni mwendo, maana hapa ndipo palipo pagumu. Kabla hujasogeza mkono wala mguu, kagua majani yote yanayoning'inia juu ya maji. Ukiona ute mwangavu wenye vidoadoa ndani, mithili ya nyama ya pasheni, hayo ni mayai. Usiliguse jani hilo. Usilivute ili upate picha nzuri. Usilishike hata kwa ncha ya kidole.

Sababu ni hii. Mama ametaga juu ya maji ili viluwiluwi wakianguliwa wadondoke bwawani wenyewe, kwa wakati wao. Mayai yakishambuliwa, viinitete, yaani viluwiluwi wanaokua ndani ya yai, vinaweza kuanguliwa mapema kujiokoa. Haya yamechunguzwa kwa vyura wa hapahapa Amani. Na mshambuliaji mmojawapo ni yule wa tak-tak-tak: Afrixalus fornasini hula mayai ya vyura wenzake. Kuna na mabuu ya nzi. Kiluwiluwi aliyetoka mapema ni mdogo, na chini majini mabuu ya kereng'ende wanamsubiri. Sasa na wewe usije ukaongezea mtikisiko wako.

Narudia, wewe uliyesogea mbele: jani lenye mayai haliguswi! Kama umesimama chini yake, rudi nyuma kwa njia uliyojia.

Picha: mwanga utoke ubavuni, usimmulike usoni muda mrefu. Piga mbili tatu, zima, ondoka. Ukitaka kuona vijiba vya dume, inama chini umwangalie kooni akiinua kichwa. Hakuna kumpindua.

Nina ombi kwa wenye mabwawa ya samaki na malambo huku kwetu. Mnaposafisha kingo, acheni sehemu yenye majani yanayoinamia maji. Ukikata yote bwawa linaonekana nadhifu, lakini hawa hawana pa kutagia. Upande mmoja tu ukiachwa unasaidia.

Mwisho ni gambuti, na hapa watu hukimbilia chai. Kuna kuvu anayeua vyura, husafiri kwa maji na tope. Chura wa Kihansi mnamkumbuka: maji ya maporomoko ya Kihansi yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000 makazi yake yakakauka, kisha idadi ikaporomoka mwaka 2003 na kuvu huyo akakutwa. Mwaka 2009 ikatangazwa ametoweka porini. Kwa hiyo sugua tope lote kwa brashi, osha kwa maji yenye dawa ya klorini mbali na bwawa, suuza, anika mpaka zikauke kabisa. Kama kesho unakwenda bwawa lingine na bado zina unyevu, vaa jozi nyingine.