Maudhi Hutangulia, Nafuu Hufuata: Mazungumzo Kuhusu Dawa za Sonona

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Nimefurahi kuona wengi mmekuja hapa Temeke pamoja na ndugu zenu, maana dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, humezwa na mtu mmoja lakini maudhi yake, yaani yale madhara ambayo dawa huleta pembeni ya tiba, huonekana na nyumba nzima.

Mimi ni mfamasia. Wagonjwa wengi ninaowaona huziacha dawa hizi wiki mbili za mwanzo, tena kimyakimya. Siwalaumu. Dawa ya malaria ukianza leo, keshokutwa homa imeshuka. Hizi zina mwendo wa kinyume: maudhi huweza kuanza siku ya kwanza, nafuu huja baada ya wiki mbili hadi nne, wengine sita. Hapo katikati mgonjwa anapata karaha ya dawa, faida yake bado hajaiona. Asipoelezwa hilo pale dirisha la dawa, atasema dawa imemkataa, na atakuwa na haki ya kusema hivyo.

Kwenye hospitali zetu za serikali mtakutana zaidi na amitriptilini na fluoksetini. Maudhi yake hayafanani hata kidogo.

Amitriptilini ndiyo ya zamani. Inaleta usingizi, ndiyo maana hunywewa usiku, na wengine huamka bado wazito. Kijana wa bodaboda akianza dawa hii, asipande pikipiki mpaka ajue mwili wake umeipokeaje. Kinywa hukauka, choo kinakuwa kigumu, na ukisimama ghafla unapata kizunguzungu. Mzee mwenye tezi dume mkojo unaweza kumgomea kabisa. Huyo apelekwe hospitali, asisubiri kesho. Halafu kuna jambo ambalo kwa jiji letu ni kubwa: dawa hii hupunguza jasho, na jasho ndilo linalopoza mwili. Fikirieni mgonjwa ameshinda ndani ya chumba cha bati kule Mbagala mwezi wa pili, feni haipo, umeme umekatika. Mhamishieni kivulini penye upepo, mpeni maji ya kunywa mara kwa mara.

Na tafadhali, vidonge hivi vikizidi dozi hushambulia moyo. Vikae mbali na watoto. Kama mgonjwa wenu anaongelea kufa, ndugu mmoja ndiye atunze pakiti na kumpa dozi ya siku.

Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Hii huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kuharisha, wasiwasi na kukosa usingizi. Ndiyo maana hunywewa asubuhi, na ukiinywa baada ya kula kichefuchefu hupungua. Wanaofunga Ramadhani wamuulize daktari kuihamishia wakati wa daku. Mengi ya haya huisha yenyewe ndani ya wiki chache.

Lipo moja ambalo mara nyingi haliishi lenyewe, nalo ndilo watu wanalificha. Dawa za kundi la fluoksetini hupunguza hamu ya tendo la ndoa na kuchelewesha kufika kileleni, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Baba anaona aibu kulisema, anaitupa dawa. Mama nyumbani anaanza kuhisi kuna mwanamke mwingine. Ndoa inayumba kwa jambo ambalo daktari angeweza kulishughulikia, kwa kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Semeni! Sisi tumeshayasikia haya, hamtatushtua.

Kwa vijana nitasema kwa uzito. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kwamba kwa watoto na vijana dawa hizi zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua. Mwaka 2007 onyo likafikishwa hadi umri wa miaka 24. Haina maana wasitibiwe, kwani sonona yenyewe inaua. Maana yake ni kuwa wiki za mwanzo, na kila dozi inapobadilishwa, kijana asiachwe peke yake. Mkimwona hatulii, halali, ana hasira zisizo zake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Ukienda duka la dawa kununua ya maumivu, taja unachotumia. Tramado pamoja na fluoksetini inaweza kuleta degedege, kutetemeka, homa na kuchanganyikiwa. Diklofenaki na ibuprofeni nazo huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni.

Mama pale nyuma anauliza: mwanawe aliacha vidonge wiki iliyopita, sasa ana kizunguzungu na anahisi kama shoti ya umeme kichwani, je, amekuwa teja? Hapana, mama. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa teja, ila mwili uliozizoea hautaki zikatwe ghafla. Hupunguzwa kidogokidogo, na kwa kawaida mtu akishapona huendelea nazo miezi sita au zaidi. Usimrudishie dozi mwenyewe. Kesho mpeleke kliniki, beba vidonge vilivyobaki na pakiti za dawa nyingine zote anazotumia, hata za mitishamba. Na umwombe daktari au mfamasia ajaze fomu ya taarifa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba hapa Tanzania, maana maudhi yasiyoandikwa huko hayahesabiwi.